Kona Nyeupe

Watu hudhani kazi ya refa wa ngumi ni kuamua. Kazi ya refa ni kutembea. Unazunguka kwenye ulingo ule ule tangu adhuhuri, katikati ya watu wawili wanaotaka kuuana, na hakuna hata mmoja wao anayekutaka hapo. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mke wangu. Siku ya sikukuu ya Santa Prisca, pambano la nne lilipokwisha, magoti yangu yalikuwa yamevimba ndani ya suruali na nilikuwa nikiomba mvua inyeshe tuahirishe lililobaki. Lakini uwanja wetu una paa.

Ni uwanja wa mpira wa kikapu, na siku ya sikukuu unageuka kila kitu. Asubuhi misa, mchana ngumi, jioni shindano la mrembo wa mji. Mama wa kamati ya warembo alikuwa ameshanikaba tangu kwenye misa.

"Nong Mansyo, saa kumi na moja huo ulingo wako uwe umeng'olewa," aliniambia. "Nina wasichana wenye viatu virefu na maua ya kupanga. Watu wako wakitaka kutoana damu, watoane haraka."

"Mama, raundi ni dakika tatu. Siwezi kuzikata."

"Basi waambie wapigane kwa bidii."

Nong ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Kwa upande wangu nadhani siku hizi wanamaanisha mzee asiyejua kustaafu.

Pambano la tano, la mwisho, ndilo nililokuwa silitaki. Upande mmoja alikuwa Jessrel Tumulak, kijana wa hapa hapa mjini, mwepesi, mzuri wa sura, ambaye mabango yake yalibandikwa hadi kwenye ukuta wa machinjio. Upande wa pili alikuwa Elpidio Macabenta, Pidyo kwa kila mtu, mbebaji magunia wa kiwanda cha sukari na bondia wa kupigwa. Sisemi kwa kumdharau. Ngumi zina mpangilio wake, na mpangilio huo unahitaji watu wa namna ya Pidyo. Promota akiwa na kijana anayechipukia, anamtafutia ngazi ya kupandia: mtu anayejua kujikinga, asiyeanguka mapema akawaudhi waliokata tiketi, wala asiyeshinda akavuruga mipango. Pidyo alikuwa fundi wa kazi hiyo. Zamani, alipokuwa kijana, aliwahi kushinda mara chache kwa pointi. Siku hizo hata mimi nilikuwa na nywele.

Kabla ya pambano refa huwatembelea mabondia wote wawili chumbani na kuwakumbusha sheria. Vyumba vyetu ni madarasa ya shule ya msingi iliyopakana na uwanja. Nilimkuta Pidyo amekaa kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni, anafungwa bandeji na kocha wake, Takyo Baring. Takyo amekuwa naye tangu mwanzo. Ni mtu mfupi, mkali, mcha Mungu, na anapofunga bandeji hutoa ulimi pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Mkaguzi wa tume ya ngumi, Bi Clarita Oposa, alikuwa amesimama juu yao, kwa sababu sheria inataka mkaguzi aone kila mzunguko wa bandeji ili mtu asifiche kitu kigumu ndani.

"Nong, umezeeka," Pidyo aliniambia aliponiona.

"Na wewe umeanza kufanana na magunia yako."

"Magunia yana nafuu. Yakidondoka hayahesabiwi."

Tulicheka wote isipokuwa Bi Clarita. Alisubiri tumalize, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachosema, "Elpidio, nilikwambia kwenye kupima uzito jana, nakwambia tena mbele ya refa. Ukishindwa leo, leseni yako haihuishwi. Umeshindwa mfululizo mno, na kichwa chako si gunia. Ukishinda, au hata mkitoka sare, naitia saini mwenyewe."

"Nimekuelewa, mama."

"Sikuonei."

"Najua, mama."

Alipotoka, Pidyo alitazama mikono yake iliyofungwa. Nyuma yake ubaoni kulikuwa bado na hesabu za kujumlisha za mwalimu. "Watu wananiambia niache," alisema. "Nong, bila ile leseni mimi ni mbebaji magunia. Nikiwa nayo, mimi ni bondia anayebeba magunia. Pale kiwandani, wakati wa chakula, wananiachia nafasi kwenye benchi. Wananiuliza fulani atampiga fulani? Mtu akipita wanamwambia, huyu bondia. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Mimi ni kinyozi. Hakuna anayeniita Nong Mansyo kinyozi.

"Mpige basi huyo mtoto," Takyo alisema. "Maneno mengi ya nini?"

Nikamsomea sheria, ndiyo kazi iliyonileta. Usipige chini ya mkanda. Usipige kisogoni. Nikisema achaneni, mnaachana, na kila mtu anarudi nyuma hatua moja bila kupiga. Ukianguka nitahesabu hadi nane hata kama umeshasimama, na nikifika kumi umekwisha. Kengele haimwokoi aliyelala. Na ukimwangusha mwenzako, unakwenda kona nyeupe iliyo mbali naye, unakaa huko hadi nikuite; usipokwenda, sihesabu.

Alitikisa kichwa kwa kila sheria. Ameisikia hotuba hiyo maisha yake yote, na ile ya mwisho alikuwa akiisikia kama unavyosikia kanisani likitangazwa tangazo la ndoa ya watu usiowajua.

Nilipokuwa nikitoka nilijiambia ukweli wangu, na nausema hapa. Nilitaka ashindwe. Ashindwe kwa pointi, asimame hadi mwisho, achukuliwe leseni yake, aende nyumbani na akili zake. Nimewaona waliochelewa kuacha. Mmoja huwa anakuja kunyoa kwangu na kila mara ananiuliza jina langu.

Ulingo una kona nne. Moja ni nyekundu, ya Jessrel siku ile. Moja ni ya bluu, ya Pidyo. Mbili zilizobaki ni nyeupe, si za mtu. Pidyo alipopanda alifanya anachokifanya siku zote: alikwenda kona yake ya bluu, akapiga goti moja, akaegemeza paji la uso kwenye mto wa nguzo, ambako Takyo huwa amefunga kitambaa chekundu kilichogusishwa kwenye sanamu ya Mtoto Mtakatifu kule kanisani mjini Cebu, akasali. Watu humngoja. Kwetu hapa hata walevi wa tembo wanajua kunyamaza mtu anaposali. Halafu akafanya ishara ya msalaba, akabusu glavu, akasimama. Kengele ikalia.

Raundi nne za kwanza zilikwenda kama zilivyopangwa. Jessrel alipiga, Pidyo akakinga. Jessrel alicheza kwa miguu, jukwaa likapiga kelele. Pidyo alikuwa akimkumbatia, mimi nikiwaachanisha, na kila nilipowaachanisha Pidyo alipumua sikioni mwangu kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Majaji watatu walikuwa wameketi kila mmoja upande wake, wakiandika kumi kwa tisa, kumi kwa tisa, kumi kwa mshindi wa raundi na tisa kwa aliyeshindwa. Sikuhitaji kuona karatasi zao. Mapambano matano ya raundi sita, kila raundi ni kutembea kwangu. Niliitazama saa ya ukutani zaidi ya nilivyopaswa.

Raundi ya tano Jessrel alichoka kuwa mwangalifu. Alishusha mkono wa kushoto ili wasichana waone kifua chake, nadhani. Pidyo alikuwa amejikunja nyuma ya glavu zake, akarusha mkono wa kulia bila hata kutazama, ule mkono unaoinua gunia kutoka sakafuni hadi begani. Nilikuwa karibu. Nilisikia mlio wake. Jessrel alikaa kwanza, kama mtu aliyevutiwa kiti, kisha akalala chali karibu na moja ya zile kona nyeupe, mikono imefunguka.

Nimeona watu wengi wakianguka. Sikumbuki nikishangaa namna ile. Uwanja mzima ulikata pumzi. Mtunza saa alianza kugonga meza kwa kidole, moja, mbili, nami nikaidaka hesabu yake, nikanyoosha vidole mbele ya uso wa Jessrel. Macho yake yalikuwa meupe. Nikasema tatu. Nikasema nne. Na kwa kuwa sheria inanitaka nitazame pande zote mbili, nikainua kichwa nimwone Pidyo yuko wapi.

Alikuwa kwenye kona yake ya bluu. Amepiga goti, paji la uso kwenye kitambaa cha Mtoto Mtakatifu, macho amefumba. Alikuwa anashukuru.

Nikasimamisha hesabu.

"Pidyo! Kona nyeupe!" nilipiga kelele, vidole vinne hewani. "Nyeupe!"

Hakusikia. Jukwaa lilikuwa limelipuka tena, nusu wanamwita Jessrel aamke, nusu hawajui wanamwita nani. Takyo alikuwa chini ya kona, pua yake hatua moja kutoka kwenye goti la Pidyo, na ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo linanichosha nikilifikiria. Takyo alikuwa amenyamaza. Aliona vidole vyangu, alijua kosa, na mdomo wake ulikuwa wazi, lakini alikuwa anamngoja mtu wake amalize sala. Maisha yake yote hajawahi kumkatiza mtu anayesali. Niliona mkono wake ukipanda, ukasita.

Kisha alizinduka. "Pidyo! Ondoka hapo! Pidyo, mwanangu, toka!" Akanyoosha mkono kumshika kifundo cha mguu.

"Usimguse!" nilimkemea. Kocha akimgusa bondia wake raundi ikiwa inaendelea, bondia anatolewa mchezoni. Takyo akauvuta mkono kana kwamba ameunguzwa, akabaki akipiga ubao wa ulingo kwa viganja na kulia, "Baba Mungu, mtoe hapo! Mtoe hapo!"

Pidyo akafanya ishara ya msalaba. Akabusu glavu ya kulia, akabusu ya kushoto. Akasimama, akageuka, akaniona nimenyoosha mkono, na uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo sikuwahi kuliona miaka yote ile. Alikuja kunikumbatia. Alidhani namwita nimnyanyue mkono.

"Haijaisha!" nilimwambia. "Kona nyeupe, haraka!"

"Ipi, Nong?"

"Nyeupe!"

Alizunguka papo hapo kama mgeni anayetafuta mlango wa choo, akaiona ya karibu, akaikimbilia. Ilikuwa ile ambayo Jessrel alikuwa amelala miguuni pake. Sheria inasema ya mbali. Ilibidi nimwelekeze tena, kwa mkono, kwa mdomo, karibu nimwelekeze kwa teke. Alipofika ile ya pili na kugeuka, Jessrel alikuwa ameshajipindua, ameshika kamba, na damu imeanza kumrudia usoni. Nikaendelea pale nilipoishia, kama ninavyotakiwa. Tano. Sita. Saba. Kwenye nane alikuwa amesimama.

"Unaweza?" nilimuuliza.

"Naweza."

"Njoo kwangu hatua mbili."

Alikuja hatua mbili zilizonyooka. Sikuwa na sababu yoyote ya kumkatalia. Nikafuta glavu zake kwenye shati langu, nikawaambia wapigane. Kengele ililia muda mfupi baadaye.

Kwenye mapumziko nilisimama kona nyeupe, maana ndiko refa anakopumzikia, nikamtazama Takyo akimmwagia Pidyo maji. Hakumgombeza. Alikuwa akimsugua shingo na kumwambia mambo kwa sauti ndogo, na Pidyo alikuwa akitikisa kichwa na kutazama upande wangu, kwenye mto mweupe uliokuwa nyuma yangu. Nilitaka kusogea niuzibe asiuone.

Raundi ya mwisho Jessrel alikuwa kijana aliyetishwa, na kijana aliyetishwa hupigana vizuri kuliko anayejipenda. Pidyo hakuwa na kitu tena. Kile alichorusha kilikuwa ndicho alichonacho. Zilipobaki sekunde chache aliangushwa kwa ngumi ya mbavu, akakaa kwenye turubai, na Jessrel akageuka akaenda moja kwa moja kwenye kona nyeupe ya mbali bila hata kutazama, kama mtu anavyokwenda chooni kwake gizani. Hakuna aliyemwelekeza. Nikaanza kuhesabu bila kusita hata mara moja. Pidyo alinitazama machoni, akapumzika kwa goti moja hadi saba, akasimama kwenye nane, glavu juu, miguu imepanuka. Alisimama vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhesabia. Kengele ililia akiwa wima.

Majaji wote watatu walimpa Jessrel. Nilimnyanyua mkono, watu wakaimba jina lake, meya akapanda akapigwa picha. Nilipomwachia Pidyo mkono wake alisema, "Asante, Nong," kama anavyosema kila mara.

Nilipoingia kwenye darasa la Pidyo kurudisha glavu, Takyo alikuwa amesimama mbele ya Bi Clarita na mikono imefungana kifuani, mishipa ya shingo imetoka.

"Alilala dakika nzima!" alikuwa akisema. "Kila mtu ameona! Watoto wameona! Mtu amelala, kashindwa, kwisha! Ingekuwa kwenye mapigano ya majogoo, huyo angeshakuwa supu!"

"Hesabu ilisimama, kocha. Refa amefanya inavyotakiwa."

"Najua amefanya inavyotakiwa!" Alinigeukia. "Nong Mansyo, sina ugomvi na wewe. Ila ungeweza kuhesabu kidogo tu. Pole pole. Tano, sita... Nani angekuuliza?"

"Yule kijana aliyelala," nilisema. "Na watu wake."

"Watu wake wana kila kitu!"

Nilikuwa nimefanya sawa na nilijisikia vibaya, na katika umri wangu nimezoea vyote viwili kuja pamoja. Bi Clarita aliichukua leseni ya Pidyo kwenye mfuko wa koti lililoning'inia, akaitia kwenye mkoba wake bila kuifungua, akamgusa Pidyo begani, akatoka. Nadhani alikuwa analia, lakini ana miwani, siwezi kuapa.

Takyo akakaa kwenye benchi. Alionekana mdogo kuliko watoto wa benchi hilo.

"Nimemfundisha kila kitu," aliniambia, kana kwamba Pidyo hayupo chumbani. "Nimemfundisha kukinga. Nimemfundisha kukumbatia akichoka. Nimemfundisha kuanguka bila kugonga kisogo, atumie goti, apumzike, asubiri nane. Umemwona leo? Nani anaamka vile? Kila jioni tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuamka." Akavuta taulo begani. "Ya kona nyeupe hatukuwahi. Ya nini? Hakuna mtu aliyewahi kuanguka mbele yake."

Pidyo alikuwa anakata bandeji zake mwenyewe kwa mkasi. Jicho moja lilikuwa limefunga. "Kocha, usiseme hivyo," alisema. "Mimi ndiye niliyekwenda kusali."

"Kusali si kosa."

"Sikusema kosa. Nilidhani imekwisha. Mtu akilala vile, mimi nilidhani imekwisha." Alitazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua. "Mimi nikilala vile mbele ya mtu, huwa imekwisha."

Takyo alifunika uso kwa taulo, akaanza kucheka au kulia, sijui kipi, na mimi nikatoka maana magoti hayakuniruhusu kusimama zaidi.

Nje mafundi walikuwa wameshaanza kuung'oa ulingo. Kamba zilikuwa zimefunguliwa na kuviringwa, nguzo ya bluu imelala chini, ile nyekundu ndiyo kwanza wanailegeza. Warembo walikuwa wamejipanga pembeni wakijifunza kutembea, mmoja amevua viatu na kuvibeba mkononi. Maua yalikuwa kwenye ndoo. Harufu ya nguruwe wa kuchoma ilikuwa inaingia kutoka barabarani. Nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa la ulingo, nikafungua tai yangu, nikasikia mtu anapanda nyuma yangu taratibu, kama anavyopanda mtu ambaye mbavu zake zinamuuma.

Alikuwa Pidyo, amevaa shati lake la kiwandani na kandambili.

"Nong, nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Ile kona. Wakati ule sikuiona vizuri. Kulikuwa na kelele."

"Pidyo, nenda nyumbani. Weka barafu."

"Nitakwenda. Nionyeshe kwanza."

Nikamwonyesha. Ilikuwa bado imesimama, nguzo moja yenye mto mweupe uliochakaa, haina kamba kushoto wala kulia. Alivuka turubai akaifikia. Aligeuka, akaegemea mgongo, akanyoosha mikono pande zote mbili mahali kamba zilipokuwa. Akatazama uwanja kutoka pale, kwa jicho lake moja.

"Hapa?"

"Hapo."

"Yeye amelala kule."

"Pale pale."

"Basi hesabu."

"Babu, tuna haraka," fundi mmoja alisema, spana mkononi. "Yule mama atatumaliza." Lakini alimtazama Pidyo, akashusha spana.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimechoka kiasi ambacho hata kukataa kulikuwa kazi. Nikainuka kwa kushikilia ukingo, nikaenda mahali alipolala yule kijana. Palikuwa na doa la maji tu. Nikainama juu ya turubai tupu, nikanyoosha kidole.

"Moja," nilisema. "Mbili. Tatu. Nne."

Hapo nikainua kichwa nimwone yuko wapi. Warembo walikuwa wameacha kutembea.

"Endelea, Nong," Pidyo alisema. "Niko kwenye kona."

Nikaendelea, hadi kumi, kisha nikapunga mikono yote miwili juu ya turubai, ishara ya refa kwamba pambano limekwisha, kama sheria inavyotaka.